Dirisha la Mejumaa

Bi Mahira, jirani wa mlango wa pili pale Kibokoni, alikuwa na habari yote, tena alikuwa nayo kabla mahamri yake hayajaiva. Kwa maneno yake, ule msongamano uliotoka Shimanzi jana ukafika hadi karibu na Makupa haukuletwa na malori. Uliletwa na msichana. Msichana mmoja wa ofisi, alisema, alichomeka kijiti cha flashi chenye nyimbo za arusi kwenye kompyuta ya kampuni, na kompyuta ikameza makontena yote.

"Ikayameza vipi, Bi Mahira?" Khairiya aliuliza, bakuli la mbaazi mkononi.

"Ikayameza! Yalikuwamo, hayamo. Mwenye kampuni akaja mbio, akatazama, akaanguka kama gunia. Ikabidi wammwagie maji ya dafu, maana ya mfereji yalikuwa hayatoki."

"Na huyo msichana?"

"Yupo papo hapo! Wamjua, lakini wamnyamazia. Wamngoja ajikwae tena." Bi Mahira aligeuza hamri kwa uma wake mrefu, akamtazama kwa jicho moja kwa sababu ya moshi. "Kwani wewe si wafanya huko huko? Hukumuona?"

"Sikumuona."

"Basi mtafute. Mambo kama hayo wayaambiwa na sisi wa Kibokoni na wewe uliye ndani?"

Khairiya alicheka kidogo, akachukua mahamri yake, na hakula hata moja. Alijua vizuri kwamba hakuna kontena lililomezwa. Mwenye kampuni mwenyewe hajakanyaga Shimanzi tangu Ramadhani, sembuse kuanguka. Lakini Bi Mahira, kwa kurusha jiwe gizani, alikuwa amepiga kitu. Msichana alikuwepo. Kwa kweli walikuwa wawili.

Kampuni aliyofanyia kazi Khairiya pale Shimanzi huweka makontena ya watu kwenye yadi, na malori huja kuyachukua. Kila kontena limeandikwa kwenye sistimu, na lori halitoki getini mpaka sistimu itoe pasi. Khairiya alikaa meza ya geti. Shule yake iliishia darasa la nane, na kazi ile aliifunzwa na Mejumaa, aliyekaa meza ya pili yake. Alimfunza kitufe kwa kitufe, mpaka akashika, na hakumcheka hata siku moja.

Sasa miezi ya karibuni sistimu ilikuwa imeshika tabia mbaya. Ukichelewa asubuhi, yakukataa. Yakwambia njia zimejaa, jaribu baadaye. Basi watu wakafanya vile wanawake wafanyavyo kwenye arusi za Mji wa Kale, ambapo wa kwanza kufika hutandika leso mkekani: hapa pa shangazi, hapa pa wifi, hapa pa shoga ambaye bado yuko nyumbani apakwa hina. Aliyefika ofisini mapema aliwasha kompyuta za wenzake, akawafungulia madirisha yao ya sistimu, na dirisha likishafunguliwa halifungwi tena. Mtu akienda kula, liko wazi. Akienda kuswali, liko wazi. Wengine wakafungua mawili, la pili la akiba. Na jinsi watu walivyozidi kushika nafasi, ndivyo sistimu ilivyozidi kukataa. Na ilivyozidi kukataa, ndivyo watu walivyozidi kushika. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa hisani tu ya mtu na mwenzake.

Kwa Mejumaa ilikuwa zaidi ya hisani. Mamake alipigwa na kiharusi, amelala nyumbani Likoni, na chakula hakipokei kwa mkono wa mtu mwengine. Jirani akijaribu, mdomo wafungwa. Kwa hivyo kila siku kabla ya adhuhuri Mejumaa alitoka kwa mlango wa nyuma, akavuka Feri, akamlisha mamake uji kijiko kwa kijiko, akavuka tena kurudi. Ofisini hakuna aliyemtafuta, kwa sababu dirisha lake lilikuwa wazi. Bwana Jamaldin, msimamizi wao, alikaa ghorofani na kioo chake cha kompyuta, na kwenye kioo kile kila jina lililokuwa ndani ya sistimu lilikuwa na kitone cha kijani pembeni. Yeye aliwahesabu watu wake kwa vitone. Mara moja tu alishuka akakuta kiti cha Mejumaa kitupu, na Mejumaa aliporudi, akamwambia mbele ya watu wote: "Nikikukosa tena kazini, usijisumbue kurudi."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana hakuna aliyedhani anatania.

Asubuhi hiyo, siku ya Ijumaa, Khairiya alipofika ofisini, fundi alikuwa ameshafika. Jina lake Chengo, mtu wa Kaloleni, ametumwa na wale waliouza sistimu. Kijana mpole, ana mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Bwana Jamaldin aliwakusanya wote, akamsimamisha mbele.

"Sabalkheri jamani," Chengo alisema. "Sistimu yenu si mgonjwa. Imeshikwa tu. Ile databesi, yaani pale makontena yote yameandikwa, ina njia zake za kuingilia, na njia zina kiwango. Nyinyi hamfiki hamsini. Njia zilizoshikwa zapita mia. Nyingi zimelala fofofo, hazifanyi lolote, lakini mwengine hawezi kupita."

"Si uongeze njia?" aliuliza Sheryl wa hesabu. "Njia ni nini, si ni kubofya tu?"

"Nikiongeza, dada, seva itakosa pumzi. Kila njia yala nguvu hata ikiwa imelala. Nikizidisha zitalala zote, pamoja na seva yenyewe."

"Basi wataka tufanyeni?"

"Kuanzia leo, dirisha likikaa kimya robo saa, litakatwa lenyewe. Na yale yaliyoganda tangu zamani nitayakata mimi kwa mkono, moja moja, wakati watu wako msikitini."

"Na kila mtu abadilishe paswadi sasa hivi," Bwana Jamaldin akaongeza. "Asimwambie mwenziwe. Sitaki tena kumfungulia fulani, kumfungulia fulani. Kitone cha mtu kikizimika nitajua hayupo. Na kumfuta mtu kazi hakunisumbui hata kidogo."

Watu wakacheka. Mejumaa naye akacheka, lakini alichelewa, kicheko chake kikabaki peke yake.

Walipokutana kwenye kijichumba cha chai, Mejumaa alifunga mlango kwa kisigino.

"Khairiya, mdogo wangu, nitikisie."

"Nikutikisie nini?"

"Dirisha langu. Si amesema likikaa kimya? Basi lisikae kimya. Kila baada ya muda pitia mezani kwangu, bofya pale juu pa kutafutia, andika herufi yoyote, toka. Huo ukurasa ulio wazi usiuguse, nina kazi sijaimaliza."

"Na nikionekana?"

"Na nani? Wanaume wote watakuwa Ijumaa. Sheryl akiingia kwenye simu yake hata moto hauoni." Kisha sauti yake ikashuka. "Jana nilichelewa nusu saa. Nilimkuta mama ameuma shuka, shoga. Ameiuma kwa njaa. Nikikosa kazi hii dawa zake zatoka wapi? Na nikikosa kwenda, nani atamlisha?"

Khairiya alitazama vidole vya Mejumaa vikizungusha kifuniko cha chupa ya chai, vikikifungua na kukifunga.

"Nenda," alisema. "Nenda usije ukakosa feri."

Adhana ya kwanza iliposikika, wanaume walitoka na kanzu zao, Bwana Jamaldin mbele. Ofisi ikawa kubwa ghafla. Chengo alikaa pembeni, uso umepakwa mwanga wa kioo, akiyakata madirisha yaliyolala. Huyu wa ghala, kata. Huyu wa ghala tena, la pili. Huyu aliacha kazi tangu mwaka jana na dirisha lake lilikuwa bado lipo. Alikuwa akijisemea mwenyewe, na kila aliposema "kata" Khairiya aligeuka kuitazama meza ya Mejumaa.

Alienda mara ya kwanza kwenye meza ya Mejumaa akiwa na kikombe mkononi, kama mtu anayepita. Akabofya, akaandika herufi, akatoka. Mara ya pili alisahau kikombe. Mara ya tatu Sheryl aliinua kichwa, akauliza, "Watafuta nini?" na Khairiya akajibu, "Stepla," na Sheryl akarudi kwenye simu yake, huku stepla iko wazi mezani pa Khairiya mwenyewe, kila mtu aiona.

Huko nje trela moja lilikuwa limeshaingiza kichwa kwenye geti. Dereva wake, Kavumbi, alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa maneno. Alishuka akaegemea dirisha la vioo.

"Dada wa geti, mimi nazeeka hapa. Nilikuja sina ndevu."

"Nakushughulikia, kaka Kavumbi."

"Mke wangu yuko miezi tisa kule Voi. Akizaa kabla sijafika, mtoto nitamwita Sistimu. Na akikataa kunyonya nitasema, si ndiyo jina lake!"

Khairiya aliandika namba ya kontena, akabofya pasi. Kioo kikamjibu: rekodi hii inatumiwa na mtu mwengine. Akangoja, akabofya tena. Inatumiwa na mtu mwengine. Mtu gani? Ofisi nzima walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa kwenye simu. Alidhani ni ule ugonjwa wa jana. Akajiambia fundi akimaliza kukata, itapita.

Honi ya kwanza ikalia. Trela la Kavumbi haliwezi kurudi nyuma kwa sababu nyuma yake kuna jengine, na nyuma ya hilo jengine, na mkia wao umeshatoka nje ya yadi hadi barabarani. Na mbele hawezi kwenda bila pasi. Kontena moja, na yadi nzima imefungwa.

"Sistimu anakaribia kuzaliwa!" Kavumbi alipaza sauti, lakini safari hii hakucheka.

Khairiya alinyanyuka kwenda kulitikisa dirisha la Mejumaa kwa mara nyengine. Alikuwa ameinamia kitufe, herufi moja tu aandike atoke, macho yake yakateleza chini, kwenye ule ukurasa alioambiwa asiuguse. Pale juu palikuwa na namba. Aliisoma. Akarudi mezani kwake akaitazama namba ya kontena la Kavumbi, akarudi tena kwa Mejumaa, kama mtu aliyesahau njia baina ya meza mbili.

Ilikuwa namba ile ile.

Mejumaa alikuwa ameanza kumwandikia Kavumbi pasi yake asubuhi. Amejaza nusu, saa ikamfikia, akaondoka, na ukurasa ukaganda hapo, haumaliziki wala haufungiki ila kwa kufunga dirisha zima. Kwa hivyo dirisha lake halikuwa limelala kama mengine. Lilikuwa limelikamata kontena la Kavumbi mkononi, na halimwachii mtu. Lingeachwa kimya, lingekuwa limeshakatwa zamani, na lori liko njiani. Aliyeliweka macho ni yeye Khairiya, kwa kikombe chake, na stepla yake.

Maneno ya Bi Mahira yakampita sikioni. Msichana mmoja. Wamjua, wamnyamazia.

Alitoka kwenye ukumbi mdogo akapiga simu. Ililia sana kabla haijapokewa, na nyuma ya sauti ya Mejumaa kulikuwa na kelele za watu na wauza karanga.

"Niko Feri upande wa Likoni. Geti limefungwa usoni mwangu, nangoja ijayo. Amekula, Khairiya! Amekula bakuli zima!"

"Alhamdulillahi. Mejumaa, sikiza. Ukurasa wako umelishika kontena la Kavumbi. Malori yamefika barabarani."

"Ah. Ah, mamangu."

"Nikilifunga dirisha, kitone kitazimika."

"Jamaldin amerudi?"

"Bado."

"Basi ningoje. Nipandapo tu nimeshafika. Khairiya, usinifungie, nakuomba kwa Mungu, ningoje, betri yangu ya—"

Ikakatika. Akapiga tena. Mteja hapatikani.

Aliporudi ndani, Chengo hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mejumaa, mikono mgongoni, anasoma kioo bila kukigusa.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini ili Sheryl asisikie, "nimemaliza yote ila moja. Hii hapa ya ajabu. Haijalala, na kazi haifanyi. Mtu aitikisa. Yatafuta herufi moja, yanyamaza, yatafuta herufi moja. Na imeishika rekodi ya lile lori."

Khairiya aliificha mikono yake ndani ya buibui.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuaja."

"Nikiikata mimi, lazima niandike kwenye ripoti: jina, saa, na sababu. Kampuni yangu yataka hivyo, na ripoti yaenda kwa Bwana Jamaldin. Lakini ikifungwa kutoka hapa mezani, mimi sina la kuandika. Imefungwa tu, kama dirisha jengine lolote."

"Na ukiiacha kidogo? Kidogo tu, kaka Chengo. Yuko njiani."

Chengo alitazama nje kupitia vioo. Honi sasa zilikuwa zimeshikana, huwezi kujua hii yaishia wapi na ile yaanzia wapi. Askari wa barabarani alikuwa ameingia getini, ananyoosha kidole kwa Kavumbi, na Kavumbi ananyoosha kidole kwa dirisha la vioo.

"Yule dereva sasa anaambiwa aondoke," Chengo alisema. "Aende wapi?"

Khairiya aliketi kwenye kiti cha Mejumaa. Kilikuwa kimerekebishwa kwa mtu mrefu, miguu yake haikufika chini vizuri. Alishika kipanya. Sistimu ilimuuliza kama ana hakika, maana kuna kazi ambayo haijahifadhiwa. Alifikiria bakuli la uji. Alifikiria jinsi Mejumaa alivyomfunza kitufe hiki hiki, akimshika kidole, akimwambia usiogope, kompyuta haiumi. Akabofya ndiyo.

Dirisha likafungika. Pakabaki kisanduku kinachotaka paswadi.

Alikimbilia meza yake. Namba ya kontena, pasi, na karatasi ikatoka kwenye printa moto moto. Kavumbi aliichukua bila utani wowote, akapanda, na trela likanguruma, likapita, na lile la nyuma yake likasogea, na jengine. Askari akarudi barabarani. Honi zikapungua moja moja.

Khairiya alirudi kwenye kisanduku cha paswadi. Njia sasa zilikuwa tele, fundi amezifungua zote, mtu aweza kuingia mara moja bila kungoja. Kilichokosekana ni lile neno jipya ambalo Mejumaa aliliandika asubuhi na kulificha kichwani, kama walivyoamriwa. Akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Akajaribu jina la mamake Mejumaa. Kisanduku kikakataa. Akaogopa kujaribu mara nyengine, kisije kikafungwa kabisa.

"Nimemaliza," Chengo alisema, akikunja waya zake taratibu kuliko ilivyohitajika.

Wanaume walirudi msikitini kwa makundi, wanacheka, wananukia udi. Waliingia kwenye kompyuta zao na wakashangilia. "Yafungua! Mara moja tu, yafungua!" Mtu alimpigia Chengo makofi. Viatu vya Bwana Jamaldin vilipanda ngazi. Khairiya alivisikia vikienda juu ya kichwa chake, vikafika mezani, kiti kikaburutwa. Akangoja. Watu walikuwa wanaongea naye, akawajibu bila kujua amejibu nini. Kisha kiti kikaburutwa tena, na viatu vikaanza kushuka.

Alisimama mlangoni, kanzu nyeupe, kofia bado kichwani.

"Mejumaa yuwapi?"

Sheryl alifungua mdomo. Neno lililokuwa karibu lilikuwa "msalani," na Khairiya naye alikuwa nalo ulimini, tayari, jepesi. Lakini msalani huendewa mara ngapi? Na kesho? Na keshokutwa, robo saa ikipita na kitone kikazimika tena chenyewe, bila mtu kukitikisa?

Akasimama.

"Yuko Feri, Bwana Jamaldin. Amekwenda Likoni kumlisha mamake. Mama hapokei chakula kwa mtu mwengine. Huenda kila siku na hurudi, na kazi yake huimaliza. Dirisha nilikuwa nikimshikia mimi. Na lori la leo lilikwama kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sistimu."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Bwana Jamaldin hakugeuka kumtafuta ni nani.

"Wewe," alisema.

"Mimi." Alitoka nyuma ya meza yake. "Bwana, usimfukuze. Mpe huu muda wa adhuhuri kwa ruhusa yako, aende mchana kweupe, arudi. Meza yake nitaishika mimi, kazi yake na yangu. Atakaa jioni afidie. Ukitaka kumkata mtu, nikate mimi nisiye na mgonjwa. Nakuomba, bwana."

Bwana Jamaldin alikuja mpaka kwenye meza ya Mejumaa. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya kisanduku cha paswadi, akakiondoa, akatazama alama ya kidole iliyobaki. Alivua kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na macho yake yakabaki kwenye kile kioo.

"Nakuomba," Khairiya alisema tena.

Nje lori jengine lilikuwa limefika getini, dereva anagonga vioo kwa ufunguo, ataka pasi.